Hivi wenye sinema walikuwa wananunua picha bila kuiona?

mzee_wa_reli
Wakuu habari zenu, nimekesha napekua magazeti ya biashara ya sinema ya Marekani miaka ya 1920, nakuta tangazo kurasa mbili, jina la picha na sura ya staa basi, hadithi hamna, na maneno yote anapambwa mwenye ukumbi kwamba atajaza viti, mtazamaji hata hatajwi. Moja nikaitafuta kumbe haikutengenezwa kabisa! Sasa walikuwa wanauza nini?

kanda_nyeusi
Ahadi mkuu. Studio inatoa kitabu cha msimu mzima kimenakshiwa balaa, unasaini picha zenyewe bado. Na kuchagua hamna, ukitaka za staa Mary Pickford unabeba furushi zima na makapi yake. Adolph Zukor, bosi wa studio ya Paramount, ndo alikuwa fundi wa huo mchezo.

bi_tiketi
Ila mwanzo haikuwa hivyo, filamu iliuzwa kwa futi kama kitambaa, ukinunua ni yako, onyesha mpaka ichanike. Mambo ya kukodisha ndo yakageuza biashara, halafu wakaja mastaa. 1910 zikavuma habari kwamba mwigizaji Florence Lawrence kafa, mtengeneza picha Carl Laemmle aliyekuwa ndo kwanza kamchukua kutoka studio ya Biograph akalipia tangazo kwenye gazeti la sinema la Moving Picture World kukanusha, na wengi wanaamini uvumi aliupika mwenyewe 😂

kanda_nyeusi
Mi napenda zaidi kile kijitabu cha matangazo kilichokuwa kinaenda na picha. Ndani unakuta habari za gazeti zishaandikwa, sifa kibao, pameachwa nafasi ya jina la ukumbi tu, unajaza unampelekea mhariri naye anachapa kama kaandika yeye. Michoro nayo unapewa kwenye karatasi ngumu yenye alama zilizobonyea, kiwanda cha gazeti kinamwagia madini ya risasi yaliyoyeyushwa, tangazo tayari.

mzee_wa_reli
Yani hizo sifa nilizosoma usiku kucha kaandika studio?? Na wenye kumbi wakanyamaza tu?

bi_tiketi
Wapi! 1917 wale wenye kumbi kubwa wakaungana wakaunda First National, wakawa wanagharamia picha wenyewe, wakamnyakua Chaplin, baadaye na Pickford huyohuyo. Zukor naye akaanza kununua majumba ya sinema. Wadogo ndo walikoma, hilo furushi Mahakama ya Juu ilikuja kulipiga marufuku 1948.

mzee_wa_reli
1948?! Wengi si walishafunga milango zamani.