Nimechomwa kichwa na "seramu ya nywele" ya elfu 65, muuzaji ananiambia kuwasha ndo dalili inafanya kazi

Wakuu uzi ni mrefu na nina hasira, asiyependa kusoma apite tu.

Mimi ni me, miaka 33, kipara cha ukoo. Mzee anacho, babu alikuwa nacho, baba mdogo alifika 30 utosini kumeshakuwa uwanja wa mpira. Kwangu kilianzia kwenye pembe za paji alafu kikatokea juu, zikabaki katikati nywele za kuhesabika. Nikaanza minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, ya asilimia 5, ile ya maji ya kawaida, asubuhi na jioni, miezi nane sijaruka. Nisiwe mwongo, ilizuia zisiendelee kutoka, ila kuota ndo hamna kitu, vimanyoya tu kama vya kifaranga.

Sasa katika kupekua pekua insta usiku nikakutana na jamaa anauza seramu, picha za kabla na baada, watu vipara vimejaa nywele kama nyasi za masika. Akaniambia broo wewe minoksidili imekukataa kwa sababu inahitaji kuamshwa, hii yangu ina minoksidili pamoja na tretinoini (dawa ya chunusi), ndo wanayotumia Ulaya. Elfu 65 na delivari juu yangu. Nikatuma hela. Kikaja kichupa cheusi na bodaboda, kina stika yenye jina lake la insta na namba ya WhatsApp, BASI. Hakuna asilimia, hakuna tarehe ya kuisha muda, hakuna kiwanda, hakuna hata karatasi. Maelekezo alinitumia kwa voisi, "paka asubuhi na usiku mkuu, paka ya kutosha usiogope".

Kazi yangu mimi ni kufunga sola, nashinda juu ya mabati ya watu jua la Dar linanipiga utosini kuanzia saa tatu mpaka saa kumi. Na alijua, nilimwambia.

Siku ya tatu kikaanza kuwasha. Siku ya tano kuwasha kukageuka kuungua, nikilala mto unanichoma. Wiki haijaisha kichwa kinabanduka magamba kama mtu ananiparua samaki juu ya bega, ukivaa shati jeusi aibu tupu. Nikamcheki. Jibu lake nalinukuu kama lilivyo, "Kuwasha ndo dalili inafanya kazi, vumilia, ukiacha saivi umetupa hela." Nikamwambia na nywele zinatoka, nikioga zinabaki mkononi. Akasema hizo ni za zamani zinapisha mpya.

Hapo ndo anapomaliza watu, maana kuna ukweli ndani yake. Minoksidili kweli wiki za mwanzo inaangusha nywele kabla ya kuotesha, mimi mwenyewe ilinitokea miezi nane nyuma. Sasa ukishakuwa na ukweli nusu mfukoni unaweza kumuuzia mtu chochote, nikaendelea kupaka.

Jumamosi nikaenda kwa kinyozi wangu anipunguze pembeni. Si mnajua tena, akimaliza lazima akupige spiriti. Aisee! Nilinyanyuka na lile shuka shingoni nikatoka mpaka barabarani, nalia machozi ya kweli, wenye bajaji wanasimama wanadhani nimepigwa kisu. Kinyozi wa watu kashika chupa ya spiriti anatetemeka, anauliza, kaka nimekukosea nini.

Na bado. Wiki hiyo hiyo nikipanda ngazi moyo unanidunda kama nimekimbizwa na mbwa, nikiinuka ghafla macho yanaona giza. Juu ya paa wakuu, ghorofa mbili, mkanda sijafunga, kizunguzungu. Siku hiyo ndo nikashuka nikamwambia fundi mwenzangu amalizie, nikaenda hospitali.

Nilianzia famasi ya mtaani kwanza. Yule dada akaniuliza swali moja tu, "Hiyo tretinoini ni asilimia ngapi?" Nikabaki namtolea macho. Sijui. Nimepaka kitu kichwani siku kumi na sijui ni asilimia ngapi. Akasema kaka nenda kwa daktari wa ngozi, mimi hicho kichupa hata sikishiki.

Daktari ndo kanifungua akili, alafu nimerudi home nimesoma mwenyewe mpaka saa nane usiku, ngoja niwape maana huyo muuzaji hawezi kuwapa. Minoksidili kama ilivyo kwenye chupa haifanyi kazi, lazima ngozi ya kichwa iibadilishe kwanza kwa kimeng'enya kinaitwa salfotransferasi. Kuna watu hicho kimeng'enya wanacho kidogo, hao watapaka mpaka wachoke. Tretinoini inakiongeza. Kuna utafiti ulitoka 2019, wale waliopimwa wakaonekana minoksidili itawagomea, baada ya kupaka tretinoini siku tano tu asilimia 43 kati yao vipimo vikabadilika wakaonekana itawakubali. Kwa hiyo jamaa hakudanganya kwenye hilo na ndo kinachoniuma zaidi, dawa yenyewe sio utapeli, utapeli ni yeye!

Kwa sababu sikilizeni sasa. Tretinoini hiyo hiyo inafungua ngozi, minoksidili inaingia kwa wingi kuliko kawaida, walipopima na tretinoini ya asilimia 0.05 walikuta inaingia karibu mara tatu. Na minoksidili asili yake ni kidonge cha presha, kuota nywele ilionekana kwa wagonjwa wa presha wanaotumia vidonge, ndo baadae wakaitengeneza ya kupaka. Sasa ngozi imechubuka, inabanduka, unaimwagia dawa ya kushusha presha mara mbili kwa siku, huo moyo usidunde kwa nini? Wakorea walishajaribu 2007, wanaume 31, kundi moja minoksidili ya asilimia 5 peke yake mara mbili kwa siku, lingine minoksidili ya asilimia 5 yenye tretinoini ya 0.01 MARA MOJA kwa siku, wiki 18, matokeo yakalingana. Maana ya kuichanganya ni kwamba unapunguza kupaka. Mimi nimeambiwa paka asubuhi na usiku, paka ya kutosha.

Na hiyo ya asubuhi ndo upuuzi kabisa. Tretinoini inaharibiwa na mwanga, alafu inafanya ngozi isistahimili jua, ndo maana inapakwa usiku. Daktari kaniuliza, ulipaka asubuhi ukaenda kupanda mabati? Nikasema ndio. Akacheka kile kicheko cha kusikitika, akasema ya asubuhi ulikuwa unajiunguza bure.

Wenye dada zenu wanaotumia mkorogo hili jina wanalijua. Zile krimu za kuchubua zilizochanganywa tretinoini, haidrokwinoni na stiroidi, ndo hii hii tretinoini, dawa ya chunusi. Mtu anakataa mkorogo usoni kwa mke wake anaenda kuununua wa kichwani kwake, yaani mimi.

Tukija kwa mke sasa, hapa ndo nikawaka. Mama watoto ana mimba ya miezi minne, nywele zake za mbele zimekatika kwa rasta za kubana, akaona seramu akasema na mimi nijaribu. Nikamuuliza muuzaji, wife ni mjamzito anaweza? Akajibu ndani ya dakika moja, "Haina shida mkuu ni natural." Natural?? Tretinoini ni retinoidi, yaani jamii ya vitamini A, wenzake wa kumeza kama isotretinoini wanajulikana kwa kuharibu mtoto tumboni, na hii ya kupaka madaktari wanawaambia wajawazito waiache kabisa, wala minoksidili hawashauriwi. Kilichomwokoa ni kichefuchefu, kile kichupa kinanuka spiriti, akakifungua akakirudisha akakimbilia chooni. Akili yangu haikusaidia chochote hapo, ni mimba yenyewe ilijitetea. Na hata asingekuwa na mimba, zile zilizokatika kwa kuvutwa miaka na miaka mpaka ngozi ikaweka kovu, shina limeshakufa, hakuna seramu itaotesha hapo. Ila huko insta kipara cha ukoo, rasta, mapunye, stresi, wote chupa moja.

Nilipomrudia na picha ya kichwa na karatasi ya daktari, kaniambia ngozi yangu ni laini sana nilitakiwa kusema mapema. Nikamuuliza asilimia ngapi umeweka humo ndani? Kimya. Nikauliza tena. Kanibloku. Nikaingia na laini ya mama watoto, stetasi yake kaweka mzigo mpya umeingia, wa kina dada, kichupa cha pinki.

Saivi nimeambiwa niache kila kitu mpaka ngozi ipone, nimepewa krimu ya stiroidi nyepesi ya siku chache, nioshe na sabuni isiyo na makali, kofia juani. Baadae nirudi kwenye minoksidili, safari hii ile ya povu maana ya maji ina propilini glikoli nayo inawasha wengine. Na daktari hajaikataa tretinoini, kasema ikibidi ataniandikia yeye, ya 0.025, usiku, mara mbili au tatu kwa wiki tuone ngozi inasemaje. Yaani kitu kile kile, tofauti ni kuandikwa kwenye karatasi ni kiasi gani.

Kichupa ninacho, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni, kesho kutwa nakipeleka TMDA, wale mamlaka ya dawa, na skrinshoti zote ninazo. Kama kuna mtu humu ameuziwa chupa nyeusi isiyo na asilimia na yeye aje pm twende wengi, mmoja wataniona mwehu.

Jana nimepita kwa kinyozi kumuomba radhi kwa lile tukio. Nikamsimulia yote kuanzia mwanzo, akasikiliza vizuri kabisa, akatikisa kichwa, mwisho akasogeza kiti akaniuliza taratibu, kaka hiyo ya jamaa kwenye ndevu inafaa?