Matenki ya vijijini yanapakwa rangi kabla ya kujazwa maji. Nani anasaini huu upuuzi?

Wakuu, hii tabia imezidi. Tenki la zege la lita 50,000 linamwagwa, linapigwa plasta, linapakwa rangi ya bluu, bango linasimikwa, mkandarasi anadai malipo. Hakuna aliyelijaza maji hata siku moja! Siku ya uzinduzi chini ya ukuta kunalowa, watu wanaangaliana.

Utaratibu upo. Jaza polepole, kina kisiongezeke zaidi ya mita 2 kwa saa 24. Liache siku 7 zege linywe maji. Ndipo uweke alama na kupima siku 7 nyingine, huku ndoo ya maji ikikaa pembeni ikuonyeshe kiasi kilichonyonywa na jua. Tenki la kipenyo mita 5 na kina mita 2.5 halitakiwi kushuka zaidi ya milimita 5 kwa siku zote hizo 7, kama lita 98 hivi. Likishuka sentimita moja kila siku, karibu madumu 10 ya lita 20 yanaingia ardhini kila siku. Na ukuta uwe mtupu wakati wa kupima, maana plasta inaficha panapotoka maji.

Panapovuja panajulikana: maungio ya sakafu na ukuta. Sakafu inamwagwa, ukuta unafuata wiki mbili baadaye juu ya vumbi na matope, na ule mkanda wa PVC wa kuzuia maji haumo. Kwenye mchoro upo, kwenye BOQ (orodha ya kazi na bei zake) umelipiwa.

Zege nalo! Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25 basi, pamoja na unyevu wa mchanga. Fundi anaongeza ndoo nzima ili lipite kwenye nondo, kwa sababu vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishuke, ni mbovu. Halafu halimwagiliwi hata siku 7, eti kijijini hakuna maji. Mradi wa maji huo, na boza la kumwagilia halikuwekwa kwenye bajeti.

Tenki likivuja wanachapia plasta nje. Maji yanaisukuma kutoka ndani, inabanduka. Linatakiwa kukaushwa, maungio yachimbuliwe na kuzibwa kwa ndani, kisha lipimwe upya, na fedha ya kipindi cha matazamio, ile ya mkandarasi inayozuiliwa, isiachiwe mpaka hapo.

Wenye tenki lililopokelewa mwaka huu, ulizieni karatasi ya vipimo vya zile siku 7, mlete majibu hapa.