Kompyuta ya 286 yenye RAM ya 1 MB: niweke mfumo gani wa madirisha juu ya DOS?

chalii_stationery
Wakuu, nina stationery Ngarenaro, Arusha. Nimenunua mashine ya kizamani kwenye mnada wa vifaa vya ofisi: prosesa ya 286 ya 12 MHz, RAM 1 MB, hadi diski (hard disk) ya 40 MB, skrini ya VGA isiyo na rangi. MS-DOS 5, ule mfumo wa kuandika amri, inawaka vizuri. Nataka ikae kaunta, iwe na madirisha na mausi, niandikie risiti na kuzichapa kwenye Epson LX-800 yangu. Nina disketi za Windows for Workgroups 3.11 ila inagoma mapema kabisa. Nifanyeje?

mtu_wa_njiro
Yote haya ya nini? Weka DOSBox, ile programu ya kuigiza kompyuta ya DOS, kwenye laptop, kazi imekwisha.

meku_mchapaji
Marahaba mwanangu, hata kama hujaniamkia. Huyo wa DOSBox mwache, hajawahi kuwa na kaunta.

Disketi zako ni nzima. Workgroups 3.11 inataka prosesa ya 386, iliyofuata 286 yako, kwenda juu, kwa hiyo hapo hata ukeshe haiingii. Windows 3.1 ya kawaida, ya 1992, inakubali 286, lakini kwa 1 MB utakuwa unaangalia alama ya kusubiri tu. Ile 3.0 ya 1990 ni nyepesi zaidi, na ukiiwasha kwa WIN /R inatembea hata kwenye 8088, prosesa ya zamani kuliko yako. Wengi watakuelekeza huko kwa kuwa ndiyo wanayoikumbuka. Mimi siendi huko.

Miaka ya tisini nilikuwa napanga kurasa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji hapa Moshi. Kadi za harusi, kadi za michango, ratiba za misa, zote kwa Ventura Publisher, programu ya kupanga kurasa, na Ventura ilikaa juu ya GEM, mfumo wa madirisha wa kampuni ya Digital Research. Mashine zetu zilikuwa dhaifu kuliko hiyo yako. GEM ya 1985 ilitengenezwa kwa ajili ya prosesa za 8086, inatosheka na zile 640 KB za DOS. Ila utashangaa kitu kimoja: kuanzia toleo la GEM/2, sehemu ya mafaili ina madirisha mawili tu, yamegandishwa mahali pamoja, hayasogei. Si uvivu wa walioitengeneza. Apple waliona inafanana mno na Macintosh, wakawabana, ikatoka imenyolewa mpaka pipa la taka likaondolewa. Kompyuta ya Atari ST ilitumia GEM hiyo hiyo na haikuguswa! Mwaka 1999 msimbo uliachiwa huru chini ya GPL, leseni ya programu huria, na wapenzi wake wakarudisha vilivyokatwa. Ukiitaka, tafuta FreeGEM.

Lakini wewe shida yako ni risiti, na kwa risiti chukua GeoWorks Ensemble ya 1990, mfumo mwingine wa madirisha juu ya DOS. Ni kazi ya wale wale wa GEOS, mfumo wa madirisha wa kompyuta ya Commodore 64; sehemu kubwa imeandikwa kwa asembli, lugha iliyo karibu na ya mashine yenyewe, ndiyo maana inaendesha programu kadhaa kwa mpigo kwenye 640 KB. Fonti unazikuza utakavyo, na ukurasa inauchora yenyewe nukta kwa nukta kabla ya kuutuma kwenye printa. LX-800 ni ya pini tisa: itapiga kelele, itachukua muda wake, lakini herufi zitatoka laini mpaka mteja aulize umechapia wapi.

Kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, weka HIMEM.SYS na DOS=HIGH ili DOS ihamie juu ya zile 640 KB na kukuachia nafasi. EMM386, msimamizi mwingine wa kumbukumbu, usiiguse, hiyo ni ya 386. Watu wanainakili tu bila kuangalia jina lake.

dada_lehemu
Kabla ya hayo yote fungua boksi. Bodi za enzi hizo nyingi zina betri ya Ni-Cd iliyochomelewa, ikivuja inakula njia za shaba. Ukiona unga wa kijani, ing'oe, pasugue kwa siki kidogo, malizia na spiriti.

chalii_stationery
Shikamoo Meku, samahani sana. Dada, unga nimeukuta, betri nimeitoa. Sasa kila nikizima inasahau tarehe na aina ya hadi diski. Halafu nina mausi ya USB yenye kichwa kile kidogo cha kubadilishia, itafaa?

dada_lehemu
Weka kishikio cha betri tatu za AA nje ya bodi, na dayodi kwenye waya wa chanya ili bodi isijaribu kuzichaji.

meku_mchapaji
Marahaba. Hiyo ya USB haitaongea na mashine yako, kichwa hakibadilishi lugha ya mausi. Unahitaji ya serial yenye tundu tisa, ichomeke COM1, tundu la kwanza la serial, kisha upakie CTMOUSE, programu ya kuendesha mausi, kabla ya kufungua GeoWorks. Ninazo kabatini, ukishuka Moshi nipigie nikupe moja. Njoo na disketi tupu za 1.44, zangu zimeota ukungu.

mtu_wa_njiro
Meku, na mimi nisalimie basi. Hiyo FreeGEM inatembea ndani ya DOSBox?

meku_mchapaji
Inatembea. Na shikamoo iko wapi?