Mafundi mnaofunga "pampu ya 255", acheni kutuuzia namba ya kwenye boksi

Wakuu, nina hasira na leo siifichi, mtanivumilia.

Gari ni la michezo, injini ya tabo (turbo, inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), silinda nne, petroli. Tabo imewekwa kubwa kidogo, nozeli zimebadilishwa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) imepangwa upya. Ilibaki pampu ya mafuta tu, maana ile ya kiwandani ilitengenezwa kwa injini ya kiwandani. Fundi, tena anayejinadi kwamba magari ya tabo ndiyo kazi yake, akasema: "Kaka, tunaweka ya lita 255 kwa saa, hapo umemaliza." Akafunga. Sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa) safi, mwendo wa kawaida safi. Ukikanyaga mpaka mwisho, kuanzia mizunguko 5,000 kwa dakika linakata na injini inagonga.

Jibu la kwanza nililopewa: petroli mbaya. Nikabadilisha petroli, ikawa plagi. Nikaweka plagi mpya, ikawa koili. Koili zikapimwa zikaonekana nzima, basi akaniambia nipunguze presha ya tabo. Yaani pampu imefungwa ili tabo ishibe mafuta, sasa dawa ni kuinyima tabo ili pampu iweze!

Nilichoomba ni geji ya presha kwenye reli ya nozeli. Akanicheka. "Geji ya nini bosi, si pampu mpya hiyo?" Nikaondoa gari, nikampelekea mtu mwingine, akaweka geji na sensa ya kupima hewa na petroli kwenye ekzosi. Tukapata majibu palepale.

Presha ya msingi kwenye mfumo wangu ni psi 43. Regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) imeunganishwa na manifoldi (njia ya hewa ya kuingia injini), kwa hiyo tabo ikisukuma psi 22, mafuta nayo lazima yapande hadi 65, vinginevyo hewa iliyo mbele ya nozeli inayazuia. Mpaka mzunguko wa 4,500 geji ilipanda vizuri. Baada ya hapo ikaanza kushuka wakati tabo bado inasukuma, ikafika 50. Toa 22 za tabo, nozeli imebakiwa na 28 badala ya 43. Kinachotoka kwenye nozeli hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo hapo umepoteza karibu asilimia 19 ya petroli, na kontroli boksi haina habari, kwa sababu ukikanyaga mwisho inafuata jedwali lake tu. Mchanganyiko uliopangwa hewa 11.5 kwa petroli 1 ukapita 14, yaani petroli imepungua mno. Kwenye sailensa 14.7 ni kawaida kabisa. Tabo ikiwa inasukuma psi 22, hiyo ni kuchoma pistoni.

Na yule fundi wa kwanza alikuwa ananiambia niendelee kulijaribu!

Sasa ndugu zangu mnaouza namba, nisikilizeni. Ile 255 imepimwa kwenye presha ya takriban psi 40 na umeme wa volti 13.5. Presha ikipanda, lita zinashuka. Volti zikishuka, lita zinashuka tena. Hakuna pampu inayotoa 255 kwenye kila hali, na anayekuambia hivyo ama hajui, ama anajua na hajali. Tukapima umeme kwenye soketi ya pampu injini ikiwa na mzigo: betri 13.8, pampuni 11.4. Waya ni uleule mwembamba wa kiwandani, uliowekwa kwa pampu ndogo inayokula ampea chache. Kazi ilitaka waya mnene kutoka betri, fyuzi yake, rilei (swichi ya umeme) yake, na ule wa zamani uachwe kuamsha rilei tu. Na waya wa hasi pia, maana huo ndio husahauliwa na kila mtu.

Lakini hata hivyo hesabu ilikuwa bado haijakaa sawa. Injini ya tabo ya nguvu farasi 400 hula kwa kukadiria lita 150 kwa saa ikikanyagwa mwisho, na yangu haifiki huko. Pampu ya kweli ya 255, hata ikiwa na njaa ya umeme, isingezidiwa kirahisi namna ile. Tukafungua tenki.

Wakuu, mpira! Kipande cha mpira kati ya pampu na bomba la kutokea kilikuwa mpira wa kawaida wa mafuta, ule wa kupitisha petroli kwa ndani tu na nje ukae hewani. Huo ukizamishwa kwenye tenki unavimba, unalainika, unaoza. Wa kuzamishwa upo, umetengenezwa kwa kazi hiyo na umeandikwa hivyo. Wangu ulikuwa umepasuka pembeni ya klipu, na sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa inarudi tenkini kabla hata ya kufika kwenye filta. Hakuna harufu, hakuna tone chini ya gari, kwa sababu linavujia ndani ya tenki. Kwenye sailensa kinachobaki kinatosha, ndiyo maana fundi wa kwanza akaniambia gari ni zima.

Halafu pampu yenyewe. Pampu za Walbro (chapa ya pampu za mafuta) za kughushi zimejaa kila mahali, hilo si siri, na hii maandishi yake yanafutika kwa kidole. Nimemuuliza alikoitoa, amekasirika yeye!

Suala la regyuleta ndogo kushindwa kurudisha mafuta ya pampu kubwa kwenye sailensa silizungumzii leo. Ila kwa kuwa hakuweka geji, hata hilo asingelijua.

Wengine mtasema pampu haiongezi nguvu, nililipia nini. Najua haiongezi. Nililipia injini isikose mafuta, na hicho hasa ndicho alichoniharibia. Tumepima mgandamizo, silinda ya tatu iko chini kuliko wenzake, na plagi yake ina vidoadoa vya alumini. Mnaojua mnajua maana yake: pistoni imeanza kuyeyuka.

Nataka anirudishie hela ya pampu na kazi, na achangie ufunguaji wa injini. Jana kanipigia, nikadhani anaomba radhi. Anasema nirudishe gari, lita 255 ni ndogo kwangu, anifungie ya 450. Nikamuuliza, kwa waya upi? "Si huo huo uliopo."

Kichwa cha injini kinafunguliwa wiki hii. Mwenye uzoefu wa kudai fundi wa namna hii akalipa, aniambie alianzia wapi.