Naomba ushauri: RER (mtandao wa treni za vitongojini) ya Paris niilinganishe na ipi ya London?
Wadau, habari zenu. Naandaa ulinganisho wa treni za vitongojini, nimekwama kwa Paris na London. RER A inapita chini ya katikati ya Paris tangu 1977; mtu anatoka vitongoji vya mashariki hadi magharibi bila kubadilisha treni. London, njia ya treni ya Thameslink ilianza kukatiza jiji 1988, na ile ya Elizabeth line 2022 tu. Treni nyingine nyingi zinaishia stesheni kama Waterloo, abiria anashuka na mizigo yake kutafuta treni ya chini ya ardhi. Je, nihesabu zinazokatiza jiji tu, au zote? Mimi naona kukatiza ndiko kunakompunguzia abiria adha. Na Tokyo, ambako treni za kampuni binafsi huingia moja kwa moja kwenye reli za metro, niiweke kundi gani? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.