Kidoa cha Amina: gumzo la ukoo wetu wa Majengo, Jumamosi jioni

Shangazi Rehema, 19:04
Asalaam aleikum ukoo. Amina ametokewa na kidoa cheusi kando ya pua. Hakuzaliwa nacho, mimi ndiye niliyemwogesha tangu siku ya kwanza. Sasa ana miaka 9, kimetoka wapi? Jirani ananiambia nikifunge kwa uzi kikauke kianguke.

Mwanaidi, 19:06
Waaleikum salaam shangazi. Tafadhali usikifunge. Usikikwangue wala usikipake kitu. Niko kwenye matatu natoka kazini, nikishuka nitaandika vizuri.

Nyanya (anaandikiwa na Salim), 19:11
Kiacheni kidoa cha mtoto. Marehemu babu yenu alikuwa nacho shavuni, na ndicho kilichonifanya nimtazame mara ya pili.

Salim, 19:12
😍 Nyanya hii hukuwahi kutuambia!

Mwanaidi, 19:38
Nimefika. Nyanya amegusa jambo la kweli, kwa sababu wingi wa vidoa hurithiwa.

Shangazi, ndani ya ngozi kuna seli zinazotengeneza rangi, ile rangi inayoitwa melanini. Kwa kawaida zimekaa mbalimbali, kama mahindi yaliyopandwa kwa nafasi. Kidoa ni pale mbegu nyingi zinapomwagika shimo moja.

Shangazi Rehema, 19:40
Na anayezimwaga ni nani?

Mwanaidi, 19:44
Seli moja hupata hitilafu kwenye jeni, mara nyingi ile inayoitwa BRAF. Hitilafu hiyo huiambia gawanyika, gawanyika. Basi inakuwa mbili, nne, nane, mpaka fungu linaonekana kwa macho. Halafu seli zenyewe hujifunga breki, zinaacha kugawanyika. Ndiyo maana vidoa vingi havizidi milimita 6, vinakaa hivyo hivyo miaka na miaka.

Jua la utotoni nalo huchangia. Kuzaliwa nacho si kawaida, ni kama mtoto 1 kati ya 100. Vingi huchipuka tangu utotoni mpaka mtu akaribie miaka 40. Kwa hiyo Amina yuko kwenye umri wake kabisa. Kitazameni tu kisibadilike.

Salim, 19:46
Mbona Wazungu wana vingi kutushinda?

Mwanaidi, 19:49
Melanini yetu ni nyingi, inazuia jua. Mzungu mtu mzima kuwa na vidoa 10 hadi 40 ni jambo la kawaida. Sisi huwa tunavyo vichache. Na hili hunifurahisha kila nikilifikiria: idadi ya seli za rangi ni karibu ileile kwa watu wote, mweusi na mweupe. Tofauti ni kiasi cha rangi ambacho kila seli inatoa.

Shangazi Rehema, 19:52
Na hivi vijipele vyeusi vilivyonijaa mashavuni? Marehemu mama alikuwa navyo pia.

Mwanaidi, 19:55
Hivyo ni vingine shangazi, si fungu la seli za rangi. Ni tabaka la juu la ngozi limenenepa mahali padogo padogo. Watu weusi tunavyo sana, hasa wanawake, vinafuata ukoo na vinaongezeka na umri. Havina madhara. Daktari anaweza kuvitoa, ila ngozi yetu hubaki na baka kwa urahisi. Mimi ningeviacha.

Ami Hamisi, 20:03
Nawasoma tu. Mimi ninalo doa kwenye wayo. Nililiona kabla ya Ramadhani, nikadhani ni viatu. Sasa limetanuka.

Mwanaidi, 20:04
Ami, vua kiatu, lipige picha kwenye mwanga, nitumie mimi peke yangu.

Salim, 20:05
Si umesema jua ndilo huchangia? Wayo unaona jua gani?

Mwanaidi, 20:09
Ndiyo maana nimeshtuka. Saratani ya seli za rangi ni adimu kwa watu weusi, lakini ikitupata hupenda mahali ambapo jua halifiki: wayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Ikadhaniwa ni jeraha la mpira. Ikagunduliwa 1977, naye akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Shangazi Rehema, 20:10
Ya Rabi.

Mwanaidi, 20:17
Ami, nimeiona picha. Upande mmoja haufanani na mwingine, kingo zimechongoka, rangi ni mbili. Hilo halisemi ni nini, huenda likawa si kitu. Wa kusema ni daktari wa ngozi, na huwa wanakata kipande kidogo wakipime. Jumatatu twende wote.

Ami Hamisi, 20:20
Jumatatu nafungua marobota Gikomba mwanangu. Wateja wangu wa mashati huja alfajiri. Tufanye mwisho wa mwezi.

Mwanaidi, 20:20
Hapana Ami. Nakuomba.

Salim, 20:22
Ami, mimi nitafungua kibanda. Bei nazijua, na wateja wako wananijua.

Nyanya (anaandikiwa na Salim), 20:26
Hamisi, mimi ni mama yako. Nenda.

Ami Hamisi, 20:31
Haya mama. Mwanaidi, nipitie saa moja asubuhi. Salim, funguo utazikuta kwa shangazi yako.