Namalizia darasa la CNA Texas, nikikaa nyumbani kwanza cheti kitakufa?

mama_wawili
Habari zenu wapendwa. Niko Texas namalizia darasa la CNA, yaani msaidizi wa nesi, yale masaa 100, ya darasani yameisha nimebakiza ya kliniki kidogo. Ada nimejilipia mwenyewe. Mtihani wa kuandika sina wasiwasi nao sana, ila ule wa vitendo, nesi amesimama pembeni na karatasi yake anakuangalia tu, nikiuwaza tu mikono inatetemeka. Halafu mama mkwe anaishi na sisi, alipata stroki, na nikimaliza nitakaa nyumbani kumuuguza. Namwogesha, namgeuza, namlisha, si ndio kazi ile ile ya CNA? Itahesabika wakati wa kurinyu cheti, yaani kukihuisha? Na mume wangu anatafuta kazi California, tukihama inakuaje? Naombeni msaada wenu.

zamu_ya_usiku
Pole na mgonjwa dada, Mungu amponye. Hilo la mama mkwe haihesabiki, na inauma maana ni kazi kweli tena nzito, lakini sheria ya serikali kuu, ile ya 1987 ya nasingi homu (nyumba za kuuguzia wazee na wagonjwa), inataka kazi ya uuguzi YA KULIPWA. Ukipitisha miezi 24 mfululizo hujafanya kazi ya namna hiyo unarudia mtihani upya, au darasa na mtihani vyote. Kwa hiyo usikae kabisa. Tafuta nasingi homu inayochukua watu wa kuitwa pale zamu inapokosa mtu, ufanye zamu za wikendi mume akiwa nyumbani na mama, na kila peisilipi weka kwenye faili, bosi akibadilika au nyumba ikiuzwa nani atakuandikia kwamba ulifanya kazi pale? Masomo ya kazini nayo usiyaache, Texas wanataka masaa 24 kila miaka miwili, ukiwa umeajiriwa mengi unayapatia hapo hapo kazini ila karatasi za kuthibitisha omba nakala zako.

mwalimu_wa_vitendo
Mdogo wangu, hapo kwenye mtihani, kunawa mikono hakukosi, kwa hiyo hiyo ijue hadi usingizini: sabuni, sugua angalau sekunde 20 pamoja na katikati ya vidole na chini ya kucha, vidole viangalie chini wakati wa kusuuza, bomba unafunga kwa tishu safi na usiguse sinki. Kwenye mapigo ya moyo hesabu dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Kumvisha aliyepooza upande mmoja unaanza na mkono mbovu, kumvua unaanza na mzima, na hii wewe unaifanya kila siku kwa mama mkwe kwa hiyo una mazoezi ambayo wenzako hawana. Wengi ninaowaona wanafeli kazi yenyewe wanaijua, wanachosahau ni usalama. Unamhamishia kwenye wilchea hujafunga breki, hapo basi. Au umemaliza kila kitu vizuri kabisa umeacha kitanda kiko juu na kengele ya kuita iko mbali na mkono wake. Na ongea naye! Bisha hodi, jitambulishe, mwambie unachotaka kumfanyia kabla hujamgusa, funga pazia. Ukikumbuka umeruka hatua na hujasema umemaliza, mwambie msimamizi unataka kurekebisha, urekebishe. Kama kusoma Kiingereza kunakupa shida, ule wa kuandika unaweza kuomba wa kusikiliza, unasomewa maswali.

zamu_ya_usiku
Naongezea ya California. Huko darasa ni masaa 160, lakini cheti chako kikiwa hai na rejista ya Texas haina doa unaomba wakuhamishie bila kurudia darasa, wanataka na alama za vidole. Kikiwa kimekufa hiyo njia huna. Ndio maana nakwambia hizo zamu za wikendi usizidharau. Na ukishahamia ujue wao wanataka masaa 48 ya masomo kwa miaka miwili, na kila mwaka yasipungue 12, huwezi kuyalundika yote mwishoni.

binti_mlezi
Na ile ada uliyolipa risiti unazo? Nasingi homu inayopokea Medicare au Medicaid (bima za afya za serikali) ikikuajiri ndani ya miezi 12 tangu umalize darasa, sheria inasema urudishiwe gharama kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Wengi hatuambiwi, pesa inapotea hivi hivi. Siku ya intavyuu uliza mapema, usione aibu.

mama_wawili
Asanteni sana jamani, hilo la ada sikulijua kabisa, risiti ninazo zote. Zamu za wikendi nitaongea na mume wangu leo leo. Je zile za kuitwa zinahesabika hata kama niko chini ya ejensi, sio nasingi homu yenyewe?

zamu_ya_usiku
Ejensi ikikupeleka kufanya kazi ya CNA na ikakulipa, ni kazi ya kulipwa. Ila waambie wakuandikie barua yenye tarehe na aina ya kazi uliyofanya, wakiandika "msaidizi" tu rinyu itakusumbua.